Bahasha ya Ndani

1.

TANGAZO KWA WAGENI WOTE
Njia ya Wafinyanzi

(a) Mgeni apige hodi kabla ya kuingia uani. Akipiga mara tatu bila kujibiwa, ageuke arudi.
(b) Mgeni asimpige mtu picha kabla ya kumwomba.
(c) Mtu akijifunika uso, ameshajibu.

Limetolewa na Namkunda, mwongoza wageni.

2.

Hiyo (c) niliiandika kwa ajili ya mama yangu, Nakiete. Akisikia viatu vya wageni alijifunika uso kwa ungo, akaendelea kucheka humo humo nyuma ya ungo. Alifariki nikiwa na miaka minne. Nakumbuka ungo. Nakumbuka vidole vyenye udongo. Kicheko nakikumbuka vizuri kabisa. Uso

3.

Barua ya mgeni, kwa Kiswahili cha darasani:

"Dada Namkunda, mwaka jana ulitusomea tangazo, nami nikanyamaza. Nyumba uliyosema ni ya marehemu mama yako niliitambua. Zamani nilipita hapo, nikampiga picha aliposhusha ungo. Alidhani nimeondoka. Picha imo katika bahasha ya ndani, nimeifunga. Hakuna nakala nyingine. Naomba ruhusa. Najua nimechelewa."

4.

Mama mdogo, akichambua maharage:

— Ichome.

— Sina picha yake hata moja, mama mdogo.

— Najua. Alikataa hata ya kitambulisho. Nilikuwepo, wewe ulikuwa mgongoni.

— Nimefanana naye?

— Kicheko tu.

      (Maharage.)

— Ukiifungua lakini, niite.

5.

Wewe unayesoma, usinijibu upesi. Huenda picha za mama yako unazo.

Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwaambia watu washushe kamera. Nimewaambia kwamba 'hapana' ya mtu haiishi muda, hata mwenyewe akiwa hayupo. Nilisema kwa sauti kubwa, na kujisikia pia. Leo nina hamu ya kumwona mama.

6.

Alivyoviacha:

ungo, umetoboka
chungu kimoja, kina alama ya kidole gumba
mimi

7.

Saa nne asubuhi. Nimenawa mikono. Bahasha iko mezani, na kwa unyevu wa huku mlimani gundi imeanza kuachia yenyewe.

"Hodi, mama."

Kuku uani.

"Hodi."

Mama mdogo ameacha maharage yake. Amesimama mlangoni.

Nimebakiza moja.