Mishale Isiyounganishwa

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakilowesha kizingiti cha chumba cha mchapaji. Mwalimu wa chekechea aliingia, akakung'uta mwavuli, akaweka flashi mezani. Mchoro wa saa ya kwenda shule ulikuwa umeharibika tena. Mara tu alipoufungua kwenye kompyuta ya shule, mshale mfupi uliruka hadi pembeni mwa ukurasa.

"Saa zako zina baridi yabisi, mzee," alisema mama wa fotokopi kutoka upande wa pili wa pazia. "Kila kukicha viungo vinaachana."

Mchapaji alimvutia mwalimu kigoda. Alikuwa amechapa barua za ofisi kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na programu aliyoijua ni ile ya kuandikia barua tu. Saa alizijenga kwa alichokuwa nacho: duara, visanduku kumi na viwili vya tarakimu, mistari miwili kuwa mishale. Zilikuwa saa kumi na mbili za kubandikwa darasani, karibu kila moja na sentensi yake chini. Naamka. Napiga mswaki. Nakwenda shule.

Hii ilikuwa mara ya nne mwalimu kurudi. Wateja wengine husimama mlangoni, wakachukua karatasi zao wakaenda. Yeye hukaa. Husimulia vituko vya watoto, na mchapaji hucheka hadi miwani ikamteleza. Tangu mkewe afariki, hakuna mwingine aliyekikalia kigoda kile.

Leo mwalimu hakusimulia kitu. Alisema mwenzake shuleni amemwonyesha kwamba ukiteua mishale pamoja na duara, ukabofya mara moja, vyote huunganishwa vikawa kitu kimoja, na havichezi tena.

"Hukulijua hilo, mzee wangu?"

Angeweza kusema hapana. Angeonekana mzee aliyepitwa na mambo, basi, na kesho angepata sababu nyingine ya kumrudisha mwalimu. Nyuma ya pazia mashine ya fotokopi ilinyamaza.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Mwalimu aliitazama mishale, kisha kigoda alichokalia. Hakugomba. Aliuliza tu kwa nini saa ya mwisho, ile ya saa kumi na mbili jioni, haina sentensi.

"Sikupata la kuandika."

"Wanangu nyumbani saa hiyo hukaa wakinisikilizia mlangoni," alisema mwalimu taratibu. "Andika: Nasubiri hodi."

Aliandika. Kisha akaziunganisha saa zote, moja baada ya nyingine, hadi ya kumi na mbili.

Mwalimu alizichapisha shuleni, akazibandika darasani kabla ya adhuhuri, na hakuna mshale ulioruka. Mama wa fotokopi alizima mashine saa kumi na moja, akapita mlangoni bila kutania. Mchapaji alikipangusa kigoda, akakirudisha pale pale. Alifungua ukurasa mpya, akachora duara. Mlango aliuacha wazi kidogo.