Sahani Nyeupe Bwawani

Kila asubuhi Shangazi alishusha sahani nyeupe bwawani kwa kamba, akaitazama mpaka ipotee. Maji yakiwa safi, sahani hufika mbali chini ikiwa bado inaonekana. Mwani ukijaa, haichukui muda kufifia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kupima maji, na ofisini walimtania kwamba analipwa kuosha chombo kimoja maisha yake yote. Hakujali. Alilipenda bwawa lile kupita kiasi, hasa pale sahani inapobaki kama kitu ulichokiota ukakisahau nusu.

Siku hizi ilikuwa ikipotea mapema mno. Shangazi alikuwa na maelezo yake: mvua imeleta mbolea kutoka mashambani, jua kali, maji yametulia yakapata joto, na mwani hauhitaji kubembelezwa zaidi ya hapo. Wakubwa walimwamini. Dawa ya kuua mwani ilikwisha kuwekwa tayari, na dawa ile haichagui. Ingeua hata vijimea vinavyolisha samaki.

Aliyeingiwa na wasiwasi ni binti wa kaka yake, mpimaji wa maabara. Kila tone aliloweka chini ya hadubini lilikuwa na vijimea vichache tu vyenye maganda ya kioo, vile vinavyopenda maji yanayokorogwa, si yaliyotulia; vichache hivyo visingeweza kuificha sahani. Alihisi upepo wa usiku ndio unaoyachanganya, Shangazi akiwa amelala fofofo. Basi leo akapanda naye boti.

Sahani ikashuka.

"Unaiona bado?" binti akauliza.

"Imeshakwenda. Kwa ukungu huu, hata ng'ambo sioni."

Binti alichungulia. Sahani ilikuwa inameremeta palepale chini yao.

"Shangazi," akasema taratibu, "leo hakuna ukungu."

Shangazi aliinua uso. Ukungu ule alikuwa nao kwa muda mrefu, barabarani, jikoni, hata kitandani, akadhani ni msimu tu. Akaogopa sana. Nusura aliue bwawa lake kwa sababu ya macho yake mwenyewe. Hakubisha. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kiganja, kisha akacheka, akisema hata kupangusa hakusaidii kitu.

Akaishika kamba upya.

"Basi nitazamie wewe, mwanangu. Ikipotea uniambie."

Kamba ikaanza kupita vidoleni mwake. Ikapita, ikazidi kupita, mpaka ikakaribia kwisha, na binti alikuwa bado hajasema neno.