Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Ndoto yangu ya usiku wa jana ilianza na kibuyu kilichonuna. Kilikuwa kimekaa kwenye mkeka jikoni kwangu, kimejitanda kanga, na kiliponiona naingia kikanigeuzia mgongo.

Niseme kwanza kisa chenyewe, msije mkaniona nina wazimu. Mimi ni Sikudhani, nina saluni ndogo hapa Singida. Mama mkwe alipokwenda Dodoma kutibiwa macho, aliniachia kibuyu chake cha mtindi na sharti moja: niongeze maziwa kila siku, lakini nisikimalize kamwe, nibakize chachu. Chachu ile aliipata kwa marehemu mama yake, naye aliipata kwa mama yake. Mtindi wake una tabia ambayo sijaiona kwingine. Ukiinua kijiko, unakufuata kwa uzi mrefu. Mama mkwe huutazama ule uzi, hunyamaza kidogo, ndipo anywe.

Sasa mimi nikaenda semina ya siku mbili ya vipodozi. Tukaambiwa kwamba ngozi ina bakteria rafiki, kwamba mkorogo wa kujichubua huwafukuza, na kwamba wale wa kwenye mtindi huenda wakaituliza. Nikawa nachota kijiko kila jioni na kujipaka usoni kimyakimya. Semina hiyohiyo ikatufundisha kuosha vyombo vyote vya kazi kwa maji ya moto na sabuni. Juzi, kwa nia njema kabisa, nikakiosha kibuyu. Povu lilipoanza kutoka mdomoni mwake ndipo nilipozinduka. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu nadhani nilizinyoa.

Na mama mkwe anarudi leo.

Basi, nikakiambia kibuyu pole.

"Pole ya nini?" kikasema. "Nani huoshwa kwa maji ya moto, akalazwa, asiulizwe neno? Kaa chini. Matanga yameanza."

Nakaa. Chujio linalia, mwiko unagawa kahawa. Kitana changu kinaita, nakiweka sikioni, ni mama mkwe. Anasema amefika Manyoni. Namwambia karibu sana mama.

Nakiuliza kibuyu kama naweza kununua chachu nyingine sokoni. Kinasema chachu ya sokoni itagandisha maziwa vizuri tu, ila haitamjua mtu. Halafu kinasema si bakteria wote wa chachu ile waliokufa, wengine nimewahamisha mwenyewe. Nauliza nimewahamishia wapi. Kinanitazama uso kwa muda mrefu, kisha kinajifunika kanga.

Jiko linakuwa ukumbi wa semina. Mkufunzi wetu, Madamu Kezia, amesimama mlangoni na rula. Namwambia nina haraka, nataka kwenda shavuni kwangu.

"Shavuni haendi mtu moja kwa moja," anasema. "Kanuni ni ileile ya kujaribu kipodozi. Kwanza nyuma ya sikio, saa ishirini na nne. Usipowashwa, unaendelea."

Nakwenda nyuma ya sikio langu. Kuna benchi, na kwenye benchi zimekaa saa ishirini na nne, wanawake wa makamo, wanasuka ukili wa mikeka. Lazima waondoke wote ndipo nipite. Wa kwanza anainuka, anakung'uta gauni, anawaaga wenzake mmoja mmoja, anaondoka, anarudi kufuata kandambili. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Nawaomba waharakishe kidogo.

"Sisi ni saa," ananijibu mmoja. "Tukikimbia tutakuwa dakika."

Kitana kinaita tena. Mama mkwe amefika Ikungi. Kutoka Ikungi hadi kwangu hata chungu cha maharage hakichemki.

Nainuka ninyate. Mwanamke wa mwisho kwenye benchi ananishika mkono na kuniuliza kama nawashwa. Nawashwa mwili mzima, lakini nasema hapana. Anaona wazi kwamba nadanganya.

"Hiyo ni hofu," anasema. "Hofu si mzio. Pita."

Nakata kona ya taya na kufika shavu la kushoto. Kila kinyweleo kina mlango. Napiga hodi kwenye shavu langu mwenyewe, mlango wa kwanza, wa pili, wa kumi, na ndani ni majiko baridi na mikeka iliyokunjwa. Wenyeji walihama miaka ile nilipokuwa najipaka mkorogo. Naona haya, kama mtu aliyerudi kwao akakuta pameota majani.

Karibu na kovu la chunusi nasikia kazi inaendelea. Ni hao niliowahamisha. Ni viduara vidogo visivyo na macho wala mdomo, vinakandika ukuta. Mkubwa wao anasema nami bila kuacha kukandika.

"Wewe ndiye wa kijiko."

"Ndiye."

"Ulituchota bila kuomba. Huo ni wizi. Ila mwizi katuokoa na sabuni ya mwosha vyombo, na wote wawili ni wewe. Tumeshindwa tukushitaki kwa nani."

Nauliza wamebaki wangapi. Anasema swali hilo halijibiki, maana wameongezeka tangu nilipoanza kuuliza. Nawasihi warudi kibuyuni. Anakubali, kwa masharti. La kwanza maziwa yawe ya uvuguvugu, yasiyounguza kidole. La pili nimweleze mama mkwe ukweli kabla hajaonja, kwa sababu wao popote wanapolala hubaki na ladha ya hapo, naye atajua.

Nikasema nitamweleza kesho. Milango yote ya shavu ikafungwa kwa pamoja, na uso ukanibana mpaka jicho likatoa machozi.

"Leo," nikasema. Ikafunguka.

Chini ya taya palikuwa na kikombe kikubwa kama bwawa. Wakaanza kushuka, wameshika uzi mmoja mrefu. Nikainama ili wasiumie.

Nikaamka nimening'inia ukingoni mwa kitanda, shavu limekaribia stuli. Juu ya stuli kulikuwa na kikombe cha maziwa niliyoyapasha jana jioni nikashindwa kuyanywa kwa mawazo. Yalikuwa yameganda. Nikajiambia kwamba maziwa yoyote yakilala huganda. Nikachukua kijiko, nikakizamisha, nikakiinua. Uzi ukafuata.

Simu ikaita, simu ya kweli. Mama mkwe alikuwa amefika Ikungi. Nilikusudia kumwambia chai iko tayari.

"Mama," nikasema, "kibuyu chako nilikiosha kwa sabuni."

Nikasikia basi likinguruma.

"Na chachu?"

"Ilibaki kidogo, mama. Nilikuwa nachota bila kukuambia, najipaka shavuni. Nisamehe."

Akanyamaza, muda uleule anaonyamaza akitazama uzi.

"Basi usinawe," akasema. "Hilo la kushoto usiliguse kabisa mpaka nifike."

Sikuwa nimemwambia ni shavu lipi.