Safu ya Nne

Skrubu ya mwisho ya mashine namba tatu ilikuwa imeganda kwa mafuta ya kupikia. Niliipaka spiriti, nikangoja, nikaizungusha taratibu. Kifuniko kilipofunguka, mende wawili walitoka wakakimbilia ukutani. Wa tatu, aliyekufa zamani, alikuwa amekaukia kwenye mapanga ya feni. Chini yake palikuwa na mayai yao, vumbi lenye nywele, na kitu cha kunata ambacho nadhani kiliwahi kuwa soda. Nikavaa glavu za kule kazini, kwenye ghala la matairi, nikachukua mswaki mkuukuu nikaanza kusugua.

Ilikuwa Jumanne alasiri, Septemba 2006. Chumba chetu cha kompyuta kiko Sharpstown, mtaa wa Houston huku Marekani, chini ya nyumba za kupanga, na kinapakana na chumba cha kufulia nguo, kwa hiyo ukuta mmoja ni wa moto mchana kutwa na hewa inanuka sabuni. Mashine ni tano. Vicent, Mtanzania mwenzangu anayefanya kazi ofisini Arlington, alizipata mji wa jirani, Mansfield, kwa watu waliokuwa wanazitupa, akatuletea Houston kwa pikapu. Wanaozitumia zaidi ni Wakongo waliotoka makambini. Wanatafuta kazi, wanawaandikia ndugu.

Mwaka haukuisha kabla hazijajaa uchafu wa namna nyingine. Siku moja kina mama wa kwaya walikuwa wanatafuta maneno ya wimbo, picha za uchi zikaanza kufunguka zenyewe. Ukifunga moja, zinakuja tatu. Mama mmoja alifungua kitenge chake cha juu akafunika skrini, wakatoka nje wote kana kwamba mle ndani pana maiti. Kitenge chenyewe bado kilikuwa pale juu ya mashine namba tatu hadi jana yake, na hakuna aliyetaka kukirudisha nyumbani.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba na kwa kuharibu. Nilipendekeza tufute kila kitu tuweke Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kusoma jinsi ulivyoandikwa. Kamati ya chumba ikakubali. Kuuweka ni kazi ya saa moja tu. Kazi inayomaliza mtu ni kuchagua programu za kuweka juu yake, maana kwa kila shughuli zipo sita au saba, na nyingi hazimsaidii mama anayetaka kuandika barua moja. Nilikuwa na daftari lenye safu tatu: Ni nyepesi? Inafungua mafaili yanayotoka kwa wengine? Asiyejua Kiingereza ataiweza? Kila programu niliijaribu siku tatu kabla ya kuiwekea alama. Ya mtandao nilishapata. Ya picha nilishapata. Nilikwama kwenye ya kuandikia, na nilikwama kwa sababu ya Mama Kethia.

Jina lake ni Annonciata, lakini wote tunamwita kwa jina la bintiye. Walipotezana vitani mwaka 1998, na alipoandikishwa kuja Marekani hakumtaja, maana aliamini amekufa. Mwaka jana akapata habari kwamba Kethia yu hai, ana miaka kumi na tisa, yuko kambini Kigoma. Wakili alimwambia mkimbizi ana miaka miwili tu tangu siku aliyofika kumwombea mtoto wake. Miaka miwili ilikuwa inatimia Ijumaa ya wiki hiyo. Alimpa fomu ndani ya diski, kurasa tano, aeleze kwa Kiswahili chake mwenyewe kwa nini hakumtaja na atamtambuaje, kisha watu wa ofisini watafsiri. Ilitakiwa Alhamisi saa sita mchana.

Alikuwa ameandika kurasa mbili kwenye mashine namba tatu. Kisha akaacha kuja.

Jumatatu nilimpigia simu. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Kaka Melki, achana na ile fomu. Mungu ameshamaliza."

"Amemaliza vipi, mama?"

"Mtumishi Godefroid alisimama katikati ya maombi, akanyoosha kidole. Akasema, mama, uko na binti, anaitwa Kethia, yuko ng'ambo ya ziwa. Yuko na alama ya moto kwenye mkono wa kuume. Akasema, acha makaratasi ya wanadamu, mwaka huu hautaisha bila huyu mtoto kuingia kwa mlango wako. Kaka, hapa Houston sijamwambia mtu habari ya Kethia, ila wakili na wewe, kwa ile fomu. Wengine wananiita tu, lakini wanajua ni mtoto gani? Hawajui kama yuko hai! Na ile alama je?"

"Alama iko mkono wa kuume?"

"Ni wa kushoto. Lakini mtumishi alikuwa ananitazama usoni. Ukisimama mbele ya mtu, kushoto kwake si ndiyo kuume kwako?"

Godefroid ndiye mchungaji wa kanisa lao, nami nikamwambia tutaonana. Sipendi kubishana na furaha ya mtu, na mambo ya imani siyapimi kwa daftari.

Basi Jumanne hiyo, nilipomaliza kusafisha upande mmoja wa namba tatu, niliiwasha kwa mfumo wake wa zamani nipate kunakili barua na picha za watu kabla ya kufuta. Niliona kabrasha lisilo na jina. Ndani mlikuwa na mafaili, moja kwa kila siku. Nikafungua moja.

Ilikuwa programu ya kurekodi vitufe. Kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi ile imeandikwa: namba za siri, mtu anamwomba dada yake msamaha, mtu anauliza dalili za ugonjwa ambao asingemtajia hata mumewe. Nilisoma mistari sita nikajiona nami nimetia mkono chooni. Nikafunga. Kisha nikakumbuka mkono wa kuume, nikafungua tena, safari hii siku za Mama Kethia tu.

"Ana alama ya moto mkono wa kuume," aliandika. Akaendelea aya nzima kuhusu uji uliomwagika jikoni. Kisha, mbali huko chini, neno moja peke yake lisilo na mwenzake: "kushoto." Nikafungua fomu yake yenyewe. Kwenye fomu alikuwa amerudi akasahihisha, ilisema kushoto. Kosa lile halikuwepo popote duniani isipokuwa kwenye faili la vitufe. Na kinywani mwa Godefroid.

Sikutaka kuhukumu kwa neno moja. Nikafungua mipangilio ya programu. Ilikuwa imeamriwa kila Jumamosi, saa kumi jioni, itume kila kitu kwa barua pepe. Anwani ilikuwa ya Godefroid. Glavu bado nilikuwa nimevaa, na harufu ya yule mende ilikuwa imenipanda hadi kooni.

Nikampigia Vicent.

"Eeh, ile niliweka mimi," alisema bila hata kusita. "Baada ya yale mapicha. Mtumishi aliniomba, tujue watoto wanafungua nini. Nika-install, nikaweka email yake. Kwani vipi?"

"Inarekodi kila mtu, Vicent. Siyo watoto tu."

"Si lazima u-set? Mimi nilimwachia a-set mwenyewe... Melki. Yule mama wa alama ya moto. Mke wangu alinisimulia, hata Arlington habari imefika. Usiniambie."

"Ndiyo nakuambia."

"Mungu wangu. Natapika mimi," akasema, na simu ikakatika.

Godefroid aliingia dakika chache baadaye, kama kawaida yake, na chupa ya maji mkononi na shati limepigwa pasi. Ufunguo wa chumba anao yeye. Ni mtu mpole, hilo siwezi kumnyima. Amezika watu, amewapeleka wagonjwa hospitali kwa gari lake.

"Mwalimu! Bado unapambana na ma-ordinateri, hizi kompyuta? Unawafukuza mende wa Mansfield?"

"Wa Mansfield walishakufa, mtumishi. Hawa ni wa hapa hapa."

Akacheka. "Bien. Ukiweka hii Linux yako, ile programu ya ulinzi hapana kuisahau. Nasikia kwa Linux iko pia."

"Ulinzi wa watoto?"

"Wa kundi lote. Mchungaji asiyejua hali ya kondoo, ni mchungaji gani?"

"Na unayoyasoma Jumamosi ndiyo unayoyasema Jumapili?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichafua roho zaidi. Alikunywa maji, akafunga kizibo vizuri.

"Melkiori, Mungu alisema kwa kinywa cha punda. Atashindwa na mashine? Ananionyesha kwa njia anayotaka. Ule mama alikuwa halali usingizi. Sasa analala. Nani amempa usingizi, miye ao fomu yako?"

"Fomu ni ya Alhamisi. Umemwambia aache makaratasi."

"Nilisukumwa kusema vile."

"Nani alikusukuma?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha akanyoosha mkono kuniaga. Glavu yangu ilikuwa na kinyesi cha mende, na mkono wake ulikuwa safi, wenye harufu ya mafuta ya nazi. Nikaacha mkono wangu mezani. Alingoja, akageuka, akaenda.

Nilinawa mara mbili kwenye sinki la chumba cha kufulia, nikapanda ngazi hadi mlangoni kwa Mama Kethia. Alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Hufua mashuka ya hoteli zamu ya jioni. Nikamwambia kuna jambo lazima alione kwa macho yake, na kwamba sitamsomea.

Alikaa mbele ya skrini. Nilimwonyesha mstari wa kuume, nikateremsha hadi neno lile la pekee, kisha nikamwonyesha ile anwani, nikamweleza na alichosema Vicent. Yeye anasoma polepole, kwa kidole. Kidole kilirudi kwenye anwani mara tatu.

"Hii ni siku niliyokosea," alisema. "Nilikosea, nikarudia. Hakuna mtu alikuwa hapa."

"Hakuna mtu. Programu ilikuwa."

Alisimama, akatoka nje, nikamsikia akitema mate kwenye nyasi, mara moja, kisha tena. Aliporudi alikuwa anafuta viganja kwenye sketi yake.

"Nilipiga magoti mbele ya ule mtu. Nililia, akanifuta machozi na kitambaa chake, nikakipeleka nyumbani nikakifua kwa mkono. Kwa mkono, kaka! Sikukitia kwa mashine, nikasema ni kitu kitakatifu." Akafunga macho. "Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Haya. Fomu yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeinakili kwenye mashine namba moja, yenye Linux. Akavuta kiti, kisha akasita, mikono hewani juu ya kibodi.

"Na hii? Hii inamwambia nani?"

"Haimwambii mtu."

"Unajua aje? Hata Vicent alisema ile ni ya watoto."

Lilikuwa swali la haki, na kwenye daftari langu halikuwamo. Nilimweleza kwamba hii imeandikwa wazi, kwamba watu wengi wasiojuana wameisoma ndani yake, na mwenye hila angeonekana. Kisha nikasema ukweli wote: kwamba mimi sijaisoma yote, na hata ikiwa wazi, mwenye ufunguo wa chumba anaweza kuongeza ya kwake. Kwa hiyo namba ya siri itakuwa yake peke yake, ya mfumo nitakuwa nayo mimi, na waya wa mtandao tutauchomoa akiwa anaandika. Akainama akauchomoa yeye mwenyewe. Akauweka mezani mahali anapouona.

Tukajaribu programu ya kwanza, ile nyepesi. Ilifunguka upesi, lakini visanduku vya fomu ya wakili vilivurugika, jina la Kethia likaangukia kwenye nafasi ya tarehe. Ya pili, nzito, ilivipanga sawasawa, ila kwenye mashine kuukuu kama ile ilichukua dakika moja na nusu kufunguka. Nikaanza kuomba radhi.

"Nimengoja miaka minane," alisema. "Nitashindwa na dakika moja na nusu? Weka hii."

Akaandika. Sikukaa karibu. Nilirudi kwa namba tatu, nikachomoa diski yake nikaitia kwenye bahasha, nikaandika juu jina langu na la Vicent. Jumamosi kamati nzima itaiona, Godefroid akiwepo. Nyuma yangu vitufe vilikuwa vinalia, kimoja kimoja. Kuna wakati vilikoma muda mrefu. Sikugeuka.

Saa kumi na moja na nusu aliitwa na mwenzake wa kazini kutoka kwenye gari. Alikuwa amefika katikati ya ukurasa wa nne.

"Kesho saa nne asubuhi," alisema, huku akifunga kilemba. "Ufunguo?"

"Nitabadilisha kitasa kesho mapema. Leo nitakaa mpaka duka lifunguliwe asubuhi, ikibidi."

"Utalala hapa na mende?"

"Hawa nimeshawazoea, mama."

Hakucheka, lakini alinigusa bega kwa nyuma ya mkono alipokuwa anapita. Alihifadhi kazi yake mara mbili, akaweka waya wa mtandao kwenye mkoba wake akaondoka nao.

Nilifungua daftari nikachora safu ya nne, nikaandika juu yake: Inamwambia nani? Kisha nikarudi juu kabisa ya orodha, kwenye programu ya mtandao niliyokuwa nimeshaiwekea alama, nikaifuta alama yake. Zilikuwa programu kumi na tisa za kuanza kupima upya. Skrubu za namba tatu nilizitia kwenye kifuniko cha chupa ya jemu, nikaiacha mashine wazi vile ilivyo, feni nje, upande mmoja bado mchafu.