Boti Iliyong'aa Mpaka Sakafuni

Wenye watoto wanaopenda vitu vinavyong'aa, someni hii mkiwa mmekaa, maana kusimama ndiko kulikoleta balaa lenyewe.

Palikuwa na mama mwenye watoto wawili: kijana mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Kioo, na binti wa darasa la pili. Kioo alinunua boti ya faiba iliyokwishatumika, akaipiga rangi ya bluu. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kuvusha wanafunzi mtoni kila asubuhi, wasizunguke na daraja mwendo wa saa nzima. Abiria wa kwanza, Jumatatu, angekuwa mdogo wake. Kilichobaki ni mkaguzi wa vyombo vya majini kuja Ijumaa kutoa kibali.

Ndipo Kioo akaja nyumbani na kichupa, amekipakata kama mtoto mchanga.

"Hii seramiki, mama. Unapaka juu ya rangi, inakauka ngumu kama kigae. Jua haliichomi, matope hayashiki, maji yanateleza yenyewe."

"Yanateleza," mama akarudia. Neno lile halikumkaa vizuri.

Siku tatu kijana hakula akashiba. Aliosha, akasugua, akafuta kwa kitambaa laini, hadi mama akayaonea huruma masufuria yake ambayo hayakuwahi kupendwa hivyo. Akapaka ubavu wa nje, dawa ikabaki. Akapaka wa ndani, bado ipo. Akapaka mabenchi. Mwisho akapiga magoti, akarudi kinyumenyume akipaka sakafu, kama anadeki ukumbi wa harusi.

Mama aliokota karatasi ya maelekezo iliyokuwa imetupwa. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, maana darasa la saba alilimaliza zamani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa: Usipake sehemu za kukanyaga.

"Mwanangu, hapa wanasema usipake chini."

"Hiyo wamewaandikia wasiojua kazi, mama."

"Watoto watapanda na viatu vimelowa."

"Watavivua. Nitaweka kibao."

"Na nyayo watazivulia wapi?"

Kioo akacheka. "Wewe mama, hata kuku akikohoa unaogopa."

Ni kweli aliogopa. Kila akifumba macho alimwona binti yake katikati ya mto, mkoba mgongoni, boti inayumba, na chini hakuna pa kung'ang'ania. Karatasi akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Ijumaa mkaguzi alifika gatini na viatu vya ngozi, faili kwapani. Aliinama ubavuni mwa boti, akajiona, akanyoosha tai.

"Hii boti au saluni?"

Kioo akavimba kichwa. Mama naye, bila kuaga mtu, akachota ndoo ya maji na kuimwaga ndani ya boti.

"Mama, unafanya nini?"

"Chombo cha majini, baba," alimwambia mkaguzi. "Afadhali ukikague kikiwa kimelowa."

Mkaguzi akaona ni hoja. Akaingia. Mguu wa kulia ulikwenda mbele, wa kushoto ukakataa kufuatana nao. Alikwenda kwa makalio kutoka mwanzo wa boti hadi kwenye injini, faili likatangulia mtoni. Kioo akaruka kumsaidia, akamfuata kwa njia ileile. Wakakaa wawili, wanatazamana kama waliokwama kwenye lifti. Mkaguzi alijaribu kusimama mara tatu. Ya nne akaona heshima haina faida, akatoka kwa kutambaa.

"Hujaumia, baba?"

"Nipe karatasi ya kuandikia."

Mama akafungua pindo, akampa ile karatasi. Mkaguzi akaisoma mpaka chini, akachomoa kalamu mfukoni, kisha akaigeuza na kuandika nyuma: Inang'aa. Haikanyagiki. Sakafu ikwanguliwe, nitarudi baada ya wiki mbili.

Jumatatu mama alimsindikiza binti kwa njia ya darajani, mtoto akinung'unika hatua kwa hatua. Akirudi alipitia gatini; Kioo alikuwa amepiga magoti tena, safari hii ameshika msasa, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Mama, nikimaliza itakuwa mbaya kweli."

Mama akavua ndala, akamwonyesha kisigino chake kilichopasuka.

"Ikikwaruza hivi, mwanangu, niite. Hapo ndipo mdogo wako atapanda."