Ua la Abdulwakil

Nimezaliwa Pemba, kwenye harufu ya karafuu, kisha nikaolewa Ngamiani na mwanamume anayefuga uvundo. Mume wangu Abdulwakil alikuwa mtunza bustani kule Amani. Mwaka wa hamsini na moja alirudi na kiazi cha mwituni kikubwa kama kichwa cha mtoto, akakipanda uani, hatua tatu kutoka jikoni kwangu. Kila masika kilitoa shina moja refu kumpita yeye, lenye madoadoa ya kuchukiza. Kiangazi likifa nashukuru. Masika hilo, limerudi.

"Ngojea litoe ua, Bi Salme," akaniambia. "Hata Wazungu watakuja kulitazama."

Mwaka wa tatu ua likachomoza bila jani, likanifika kifuani, rangi ya ini lililolala juani. Lilifunguka alfajiri ya Ijumaa, siku ambayo watu wa Mwera, kule Pangani, walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Mastura, naye hakutaka kijana mwingine ila huyo wao. Astaghfirullah! Mzoga mtupu. Nzi wa kijani walijaa uani, wakatua kwenye vitumbua vya wageni. Nilitapika mara mbili, nikachukua panga. Abdulwakil akasimama mbele ya ua lake, mikono ameitanua.

"Kesho litanyauka lenyewe. Wewe choma udi tu."

Nikachoma udi mpaka ukaisha, uvundo uko palepale. Kwa kuchanganyikiwa nikatia chetezoni kilichokuwamo katika kopo la pili: ubani. Kwetu udi ni wa arusi, ubani wa matanga.

Mzee Hamad, baba wa kijana, akavuka kizingiti, akanusa, akasimama. Moshi wa ubani, na chini yake harufu ya maiti aliyechelewa kuzikwa. Akainua mikono akasoma Fatiha, wenziwe wakaitikia amini.

"Poleni sana, Bwana Abdulwakil. Tulikuja na maneno ya furaha, lakini hayasemwi penye matanga. Nani aliyetangulia?"

Nilikuwa nyuma ya pazia na Mastura, hina mbichi mikononi mwake. Tukangoja Abdulwakil aseme ni ua. Neno moja tu. Nikamwona anatazama uani, anatazama wageni, anaona haya kulitaja ua lake mbele yao.

"Shangazi yangu," akasema. "Ahsanteni."

Wakaondoka kwa adabu zao zote. Waliacha arubaini ya shangazi ipite, kisha wakaona nyumba yetu ina mkosi, wakaposa kwingine, hukohuko Pangani. Mastura hamwamkii tena baba yake, nami simlazimishi.