Keremkerem wa Silanga

Nasambu alikuwa hatulii. Vidole vilicheza kwenye usukani, goti likicheza chini yake, na saa nzima ilikuwa imepita bila keremkerem hata mmoja. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Musau, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, darubini shingoni na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Watakuja, bosi," alisema Nasambu. "Hawa ndege nawajua."

Aliwajua kweli. Miaka mitatu alimwendesha bibi mmoja mzee huko Saiprasi, kisiwa cha milima mikavu, mawe na vichaka vya miiba. Kila Septemba walipanda njia za vumbi kuwatazama keremkerem wakipita kuja Afrika. Sheria ilikuwa moja: zima injini, teremsha vioo, usishuke. Ndege haogopi gari, anaogopa kinachosogea. Siku ya kwanza mchunga mbuzi alikaribia, Nasambu akapandisha kioo, ndege wote wakatimka, na bibi akanuna mpaka jioni. Mtoto wa Mashimoni, mtaa ambako simu hunyakuliwa dirishani, hufunga kioo kabla hata ya kufikiri.

Sasa Nasambu alikuwa amerudi nyumbani, Musau alitafuta dereva wa kuwatembeza wapenda ndege, naye aliitaka kazi hiyo kufa kupona. Ndiyo maana walikuwa wameegesha kando ya bwawa la mtaa wa Silanga, vioo vyote chini. Mara tatu alikuwa amemkanya Musau asifunge chake.

Kisha akaja mmoja. Akatua kwenye ua wa shamba la sukuma wiki, koo la njano, kifua cha samawati. Musau akanyanyua darubini. Papo hapo mwanamume akatokea upande wa dereva, mkono mbele, na kidole cha Nasambu kikabonyeza. Kioo kikapanda kikilia. Ndege akaruka.

"Nasambu, ni mimi," sauti ilisema nje.

Alikuwa Nashon, mwenye shamba lile, aliyemfundisha Nasambu kuendesha gari kwa pikapu ambayo hadi leo huiendesha mwenyewe kupeleka mboga Kawangware kila asubuhi. Alikuja kumsalimia tu. Aibu ilimchoma Nasambu mpaka masikioni. Akateremsha kioo.

"Pole, Nashon."

"Usijali. Huyo ndege hajaenda mbali. Ako pale kwa waya na wenzake, hukaa hapo kila siku."

Musau aligeuka. Walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga. Aliwatazama weee, kisha akateremsha darubini, akamgeukia Nashon.

"Wewe unajua hawa ndege. Uko na leseni ya gari?"

Nashon alimtazama Nasambu, aliyekuwa ameukazia macho usukani.

"Sina, bosi," akasema. "Mimi ni mtu wa sukuma. Dereva ni huyu."